SOMO LETU: MBEGU YA KITALE ILITOKA WAPI, NA INATUFUNDISHA NINI?



Mwezi wa pili ukiisha, vikundi vingi hapa Bumula vinakuwa na shughuli moja: kutafuta pesa za mbegu. Wengine wanafungua sanduku la kikundi, wengine wanauza kuku, wengine wanakopa dukani. Halafu wakati wa mavuno unafika. Nyumba mbili zilizonunua pakiti za aina moja, kwa duka moja, zinavuna tofauti. Huyu anahesabu magunia, yule anahesabu madebe. Hapo maneno yanaanza: "Mbegu za siku hizi ni mbaya." "Yule ana bahati yake." Na deni la dukani linabaki pale pale.

Basi somo la leo linafuata kazi ya mtafiti mmoja wa mimea, Michael Harrison, aliyefanya kazi Kitale, pamoja na wenzake waliomsaidia. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tukijua mbegu hii iliundwa namna gani, tutajua kazi ambayo pakiti inaweza kutufanyia, na kazi ambayo haiwezi.

Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika kwenye maswali ya mwisho, msikimbie. Zungumzeni.

1. MAHINDI YALIKUJA KWETU KUTOKA MBALI

Babu na nyanya zetu walikula ugali wa wimbi na mtama. Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Yalifika pwani ya Afrika Mashariki na meli za Wareno, katika miaka ya 1500. Lakini mahindi meupe yenye punje kubwa tunayoyajua huku magharibi yalikuja baadaye sana, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Walowezi waliyaleta kutoka Afrika Kusini, na huko nako yalikuwa yametoka Marekani.

Hapa Kenya mbegu hizo zilichanganyika shambani. Kila msimu wakulima walichagua magunzi mazuri, wakayaweka kwa mbegu. Baada ya miaka mingi yakawa mahindi yenye sura yake, yakaitwa Kenya Flat White. Kwa hiyo kabla ya mtafiti yeyote kufika, wakulima walikuwa tayari wamefanya utafiti wa miaka mingi. Mama anayeangalia lundo la mahindi, akatoa gunzi moja na kulining'iniza juu ya moshi wa jikoni, anafanya kazi ya kuchagua mbegu. Harrison alianzia hapo, kwa mahindi ambayo wakulima walikuwa wameshayachagua.

2. KAZI INAANZA KITALE, MWAKA 1955

Mpango wa kuboresha mahindi ulianza kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1955, na Harrison ndiye aliyeuongoza. Tuseme ukweli: wakati ule nchi ilikuwa chini ya ukoloni, na watu waliofikiriwa kwanza walikuwa wenye mashamba makubwa ya Trans Nzoia. Lakini mbegu haina ubaguzi. Tutaona ilikwenda kwa nani.

Kwanza Harrison alichukua mahindi ya hapa hapa, Kenya Flat White. Akayazalisha yenyewe kwa yenyewe. Unafunika ua la dume lililo juu ya shina (lile wengine wanaita mbelewele) na pia nywele za hindi kwa mfuko wa karatasi, ili poleni ya jirani isiingie. Kisha unachukua poleni ya shina hilo hilo na kuimwagia nywele zake. Ukirudia hivyo misimu kadhaa, kila ukoo unaonyesha wazi tabia zake. Huu unaanguka kwa upepo, huu unaugua, huu unasimama vizuri. Koo mbaya zinatupwa, koo nzuri zinaunganishwa tena. Kazi hiyo ilizaa mbegu iliyoitwa Kitale Synthetic II, iliyotolewa mwaka 1961.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1955 mpaka 1961 ni miaka 6. Miaka 6 ya kupanda, kufunika, kupima na kutupa, kabla ya mkulima kupata pakiti moja.

3. SAFARI YA KUTAFUTA "MCHUMBA"

Harrison aliona kwamba mahindi ya Kenya yalikuwa karibu ukoo mmoja. Ukiyazalisha ndani kwa ndani unapata nafuu, lakini nafuu ndogo. Alitaka damu mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa shirika la Rockefeller, alisafiri mpaka Amerika ya Kati na ya Kusini, ambako mahindi yalizaliwa, akarudi na aina nyingi za mbegu.

Mojawapo ilitoka milima ya nchi ya Ekuador, ikaandikwa kwa jina la nchi na namba tu: Ecuador 573.

Kwa nini Ekuador? Jina la nchi hiyo maana yake ni ikweta. Mstari wa ikweta unaopita huko ndio huo huo unaopita hapa Kenya, na sisi Bumula tuko kaskazini yake kidogo tu. Kule mchana na usiku vinalingana karibu mwaka mzima, kama kwetu. Kuna milima na baridi ya usiku, kama Kitale. Mahindi yaliyozoea nchi ambako mchana wa kiangazi ni mrefu sana yakiletwa hapa yanachanganyikiwa: yanatoa maua kabla ya wakati, yanabaki mafupi. Lakini mahindi ya Ekuador yalikuta siku zinazofanana na za kwao.

Tukumbuke pia kwamba mbegu hiyo ilikuwa imetunzwa na wakulima wa Ekuador, vizazi kwa vizazi. Hatujui majina yao, lakini tumekula jasho lao.

4. KWA NINI NDOA YA MBALI INALETA NGUVU?

Harrison alipounganisha Kitale Synthetic II na Ecuador 573, watoto waliwashinda wazazi. Mavuno yalizidi ya Kitale Synthetic II kwa takriban asilimia 40. Maana yake, mahali ulipopata magunia 10 ungepata kama 14, kwa shamba lile lile. Mwaka 1964 mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima kwa jina la Haibridi 611. Ile 614 ambayo wengi wenu mnaijua ni ya ukoo huo huo.

Sisi hapa hatuhitaji maelezo marefu. Wazee wetu wanakataza kabisa kijana kuoa ndani ya ukoo wake. Kwanza wanauliza: "Huyu ni wa ukoo gani? Na mama yake je?" Mahindi nayo ni hivyo. Koo mbili zilizokaa mbali kwa muda mrefu zikikutana, udhaifu wa upande mmoja unafunikwa na nguvu ya upande wa pili.

Hapa ndipo jibu la swali ambalo linaulizwa karibu kila mkutano: "Kwa nini nisipande tena mahindi niliyovuna mwenyewe? Si ni haibridi pia?" Mahindi uliyovuna ni watoto wa ndugu kwa ndugu, kwa sababu mashina yote shambani mwako yalikuwa na baba mmoja na mama mmoja. Ukiyapanda, ile nguvu ya ndoa ya mbali inapungua, na shamba linakuwa la mchanganyiko: refu kwa fupi, nene kwa jembamba. Hayatakosa kuota, lakini mavuno yatashuka.

Kwa hiyo amueni mkijua. Mbegu za kienyeji na mbegu za kawaida zisizo haibridi mnaweza kuzichagua na kuzitunza wenyewe. Haibridi inanunuliwa kila msimu. Kama pesa hazitoshi, ni afadhali kupanda kipande kidogo cha haibridi halisi, kuliko eka nzima ya haibridi ya mwaka jana.

5. MBEGU ILIKIMBIA KULIKO WALIVYODHANI

Haibridi 611 ilitoka mwaka mmoja tu baada ya uhuru. Kenya Seed Company, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, iliisambaza kupitia maduka madogo ya vijijini. Maafisa wa kilimo nao walipanda mashamba ya maonyesho mengi. Mkulima alitazama kwa macho yake, kisha akaenda dukani.

Katika miaka ya 1970 mtafiti John Gerhart alichunguza jinsi haibridi ilivyoenea magharibi mwa Kenya. Maandishi yake yalitoka mwaka 1975. Aligundua jambo lililowashangaza wasomi: katika sehemu zenye mvua nzuri, wakulima wadogo wa huku waliipokea haibridi haraka hata kuliko wakulima wa Marekani walivyopokea haibridi zao katika miaka ya 1930. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mkulima wa kijijini ni mgumu wa kubadilika, mwambie habari hii. Mkulima akiona faida wazi, hangoji kusukumwa. Lakini matumizi ya mbolea ya duka hayakuenea kwa kasi hiyo.

6. ALMASI YA KITALE: SOMO KUBWA KULIKO MBEGU

Sasa tufike kwa mwenzake Harrison, A. Y. Allan, mtaalamu wa kilimo cha mahindi pale pale Kitale. Harrison aliuliza, "Mbegu gani?" Allan aliuliza, "Mkulima aifanyie nini hiyo mbegu?"

Katikati ya miaka ya 1960 Allan alifanya majaribio katika wilaya mbalimbali. Alipima mambo 6: wakati wa kupanda, idadi ya mashina, palizi, aina ya mbegu, mbolea ya fosfeti, na mbolea ya naitrojeni. Matokeo akayachora kwa umbo la pembe nne lililosimama kwa pembe moja, kama kishada, akaliita almasi. Pembe hizo ni hizi:

(a) Utunzaji mbaya: kupanda kwa kuchelewa, mashina machache, palizi duni. Mbegu ya kienyeji, bila mbolea.

(b) Utunzaji mbaya ule ule, lakini na mbegu ya haibridi na mbolea ya duka.

(c) Utunzaji mzuri: kupanda mapema, mashina ya kutosha, palizi safi. Mbegu ya kienyeji, bila mbolea.

(d) Utunzaji mzuri, pamoja na haibridi na mbolea.

Kabla ya kuendelea kusoma, kila mmoja aseme: kati ya (b) na (c), ni nani alivuna zaidi?

Wengi wanasema (b), kwa sababu huyo ndiye aliyetoa pesa. Sivyo. Aliyevuna zaidi ni (c). Yule wa mbegu ya kienyeji, bila mbolea, aliyepanda mapema na kupalilia vizuri, alimshinda yule wa haibridi na mbolea aliyechelewa na kuacha magugu. Na (d), aliyeunganisha yote, alivuna takriban mara nne ya (a).

Wapendwa, jibu la zile nyumba mbili zilizonunua pakiti moja liko hapa. Pesa za dukani bila kazi ya jembe ni pesa za kulisha magugu. Na mtu asiye na pesa hata kidogo bado ana nafasi ya kuongeza chakula nyumbani, kwa mambo matatu yasiyouzwa dukani: kuwahi, kupanda kwa kipimo, kupalilia.

Kwa nini kuwahi kuna nguvu hivyo? Mvua za kwanza zinapogusa udongo mkavu, chakula cha mimea kilichojificha kinafunguka. Ukichelewa, mvua inakisukuma chini au magugu yanakila. Pia udongo wakati huo bado una joto, na mche mchanga unapenda joto. Kwa hiyo shamba litayarishwe mwezi wa kwanza na wa pili, mvua ikute mashimo tayari.

7. ELIMU ILIYOVUKA MIPAKA

Kazi ya Harrison haikuishia kwa pakiti moja. Mwaka 1967 yeye, pamoja na Eberhart kutoka Marekani na Festus Ogada, Mkenya, waliandika katika jarida la kisayansi la Ulaya jinsi ya kuboresha mbegu bila kukoma. Kwa kifupi: weka koo mbili mbali mbali. Kila mara zioanishe kwa majaribio, angalia familia zilizozaa watoto bora, rudi uchague familia hizo ndani ya kila ukoo, halafu oanisha tena. Kila mzunguko unapanda juu ya ule uliotangulia. Wataalamu wa mahindi wa nchi nyingine wamejifunza kutoka kwa maandishi hayo.

Ndoa ile ya Kitale na Ekuador nayo ilisafiri. Nchini Ethiopia, mwaka 1993 ilitolewa haibridi iitwayo BH660, iliyokuja kupandwa sana huko. Wazazi wake ni wa koo hizo hizo mbili, Kitale Synthetic II na Ecuador 573. Mbegu iliyoanzia kwa kunyimana poleni na mifuko ya karatasi Kitale imelisha watu wa lugha nyingine kabisa.

Angalieni pia kwamba kazi hii haikuwa ya mtu mmoja. Kulikuwa na Harrison, Allan, Eberhart, Ogada, na vibarua wengi waliofunga mifuko shambani ambao hawakuandikwa popote. Kikundi chenye mwenyekiti peke yake hakifiki mbali.

8. BUMULA SI KITALE

Hapa tusikosee. Kitale iko juu na ina baridi. Bumula iko chini zaidi, ina joto zaidi, na udongo wa kichanga sehemu nyingi. Haibridi za namba 600 zilitengenezwa kwa nchi za juu, na zinakaa shambani muda mrefu. Za namba 500, zilizoanzia kituo cha Embu, ni za nchi za kati na zinakomaa mapema. Kwa hiyo usinunue namba kwa sababu shemeji yako wa Trans Nzoia anaisifu. Uliza afisa wa kilimo: kwa mwinuko wetu, namba gani?

Tena kuna adui ambaye mbegu ya Kitale haikuundwa kupambana naye: striga, ile kayongo yenye maua ya zambarau mazuri. Inanyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake zinakaa udongoni zaidi ya miaka 10. Ing'oeni kabla ya kutoa maua. Kituo cha ICIPE cha Mbita, chini ya mtafiti Zeyaur Khan, kilionyesha kwamba kupanda majani ya desmodiamu kati ya mistari ya mahindi kunaipunguza sana, na ng'ombe wanapata chakula.

Udongo nao ukiwa na asidi nyingi, mbolea inafungwa na mmea hauipati. Mkipata nafasi, kikundi kichangie kupima udongo kabla ya kuongeza magunia ya mbolea. Huenda kinachohitajika ni chokaa ya shamba.

9. FANYENI ALMASI YENU

Msituamini kwa maneno. Jaribuni. Chagueni mwanachama mmoja mwenye shamba karibu na njia. Pimeni viwanja vinne, kila kimoja mita 5 kwa mita 5, mpange kama (a), (b), (c) na (d) za Allan.

• Viwanja vya utunzaji mzuri, yaani (c) na (d): pandeni mvua zinapoanza. Mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, mbegu moja kwa shimo. Kwa kipimo hicho eka moja inabeba karibu mashina 18,000 na inahitaji kilo 10 za mbegu. Palizi ya kwanza iwe wiki ya 2 au ya 3, ya pili kabla mahindi hayajapita magoti.

• Viwanja vya utunzaji mbaya, yaani (a) na (b): pandeni wiki 3 baadaye, kwa nafasi pana, palizi moja tu tena ya kuchelewa.

• Mbolea kwa (b) na (d): ya kupandia chini ya mbegu, ikitengwa na udongo kidogo isiichome. Ya kuongezea mahindi yakifika magoti. Kipimo cha kawaida ni gunia moja la kilo 50 la kila aina kwa eka. Muulizeni afisa awagawie kwa kiwanja chenu kidogo.

• Mbegu ya haibridi: angalieni kibandiko cha KEPHIS kwenye pakiti, na mtunze risiti pamoja na pakiti tupu mpaka mavuno. Bila hivyo hamna pa kulalamika.

• Katibu aandike tarehe zote. Wakati wa mavuno kausheni, pukuchueni, mpime kila kiwanja kwa mizani ile ile, mbele ya wanachama wote.

Mweka hazina naye aandike gharama. Kiwanja chenye mahindi mengi si lazima kiwe ndicho chenye faida kubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Msimu uliopita, ni wangapi kati yetu tulipanda katika wiki ya kwanza ya mvua? Waliochelewa, ni kitu gani kiliwachelewesha: jembe, ng'ombe wa kulimia, mbegu, au ugonjwa nyumbani?

2. Kikundi kinaweza kufanya nini ili mjane au mgonjwa asichelewe kupanda? Je, tunaweza kuwa na zamu ya kulimiana, kama tunavyofanya zamu ya pesa?

3. Ni mbegu gani za kienyeji (mahindi, wimbi, mtama, kunde) bado ziko hapa kijijini? Nani anazitunza, na akifa zitabaki kwa nani?

4. Kama kikundi kina pesa za kununulia nusu tu ya mbegu inayohitajika, tuzitumie namna gani?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama apime nafasi kati ya mashimo ya shamba lake kwa kamba yenye fundo kila sentimita 30, aje na hesabu. Na kila mmoja atafute mzee mmoja amuulize: kabla ya 611, mlikuwa mkipanda mahindi gani, na mlichagua mbegu kwa kuangalia nini? Katibu ayaandike majibu kwenye daftari la kikundi. Huo nao ni utafiti.